Eksirei na uvimbe wa matiti ya mbwa: inachoona na isichoona

Mbwa jike wa miaka tisa au kumi analinda ua huko Uyole, Mbeya, au Kihesa, Iringa. Amezaa mara kadhaa na hajawahi kufungwa kizazi. Anayemwogesha anapapasa tumbo na kukuta kitu kigumu kwenye titi la nyuma, ukubwa wa punje ya haragwe. Ushauri wa kwanza anaoupata mwenye mbwa, kwa jirani au kwenye duka la dawa za mifugo, huwa ni huu: "Mpeleke apigwe eksirei tujue kama ni kansa."

Ushauri huo una nia njema, ila umechanganya maswali mawili. Picha ya eksirei haina uwezo wa kusema kama uvimbe wa titi ni saratani. Inachoweza kusema, tena kwa uhakika unaostahili gharama yake, ni kama saratani hiyo, ikiwa ipo, imekwisha fika kwenye mapafu, mifupa au mitoki (tezi za limfu) ya ndani. Swali la kwanza hujibiwa kwa sindano, kisu na hadubini. La pili ndilo la eksirei. Kuna pia swali la tatu, la watafiti: nyama ya uvimbe imejengwa na nini, na inatofautiana vipi na nyama nzima, yaani isiyo na ugonjwa? Hapo eksirei inatumika kwa namna ambayo hata haitoi picha tuliyoizoea. Kila swali lina mbinu yake, na kuyachanganya ndiko kunakopoteza fedha na muda.

Matiti kumi na mitoki yake

Kwa kawaida mbwa jike ana matiti kumi, matano kila upande: mawili ya kifuani, mawili ya tumboni na moja la kinenani. Ya nyuma, yaani la nne na la tano, ndiyo yenye nyama nyingi ya tezi, na ndiyo yanayoota uvimbe mara nyingi zaidi. Majimaji ya limfu kutoka matiti ya mbele huelekea mtoki wa kwapani, ya nyuma huelekea mtoki wa kinenani, na titi la tatu huweza kwenda pande zote mbili. Kutoka kinenani njia huingia ndani hadi mitoki iliyo chini ya pingili za mwisho za kiuno. Mwisho wa safari yote, seli zikishaingia kwenye damu, ni mapafu, kwa sababu damu yote inayorudi kwenye moyo lazima ipite hapo, kwenye mishipa myembamba sana.

Kanuni ya zamani ya madaktari wa mifugo inasema takribani nusu ya uvimbe wa matiti ya mbwa ni wa hatari, na takribani nusu ya huo wa hatari husambaa. Ni kadirio tu, lakini linaeleza kwa nini hakuna anayeweza kutazama goroli la sentimita 2 na kutoa hukumu. Kuhusu kinga, utafiti wa Marekani wa mwaka 1969 ndio unaonukuliwa kila mahali: ukilinganisha na majike wasiofungwa kizazi, hatari ilikuwa asilimia 0.5 kwa waliofungwa kabla ya joto la kwanza (kipindi cha kutaka dume), 8 kwa waliofungwa baada ya joto la kwanza, na 26 baada ya la pili. Uchambuzi wa miaka ya karibuni umeona ushahidi wa jumla si imara kama unavyonukuliwa, ila mwelekeo wake bado ndio unaofuatwa.

Kwa nini picha ya uvimbe wenyewe ni bubu

Eksirei ya kawaida hutengeneza kivuli. Mionzi inapita mwilini, mingine inazuiwa, na kinachofika kwenye kaseti, kibao kinachopokea mionzi, ndicho kinachochora picha. Katika kivuli hicho jicho linatofautisha viwango vitano tu: gesi, mafuta, maji pamoja na nyama, mfupa, na metali. Tezi ya titi iliyo nzima, usaha, damu iliyoganda, uvimbe usio na madhara na saratani vyote vimo katika kiwango kimoja, kile cha maji na nyama. Kwa kilovolti 70 (kilovolti ndiyo nguvu ya mwale) vyote vinatoka kijivu kilekile.

Watu hujiuliza: mbona wanawake hupimwa matiti kwa eksirei? Mashine ya mamografia hutumia nguvu ndogo, kwa kawaida kilovolti 25 hadi 35, na zile za jadi zina shabaha (bamba linalotoa mionzi) ya molibdenamu, ambayo mionzi yake mahususi ina nguvu ya takribani elektronivolti 17,500. Kadiri nguvu inavyopungua ndivyo tofauti ndogo za kemikali za nyama zinavyoonekana, hasa chembe za kalisi. Titi hubanwa kati ya vibao viwili ili unene uwe sawa na mionzi isitawanyike. Mizizi ya mbinu hii ni ya kale: mwaka 1913 daktari wa upasuaji Albert Salomon wa Berlin alipiga eksirei vipande takriban 3,000 vya matiti yaliyokatwa, akalinganisha kivuli na kile alichokiona kwenye nyama.

Kwa mbwa mambo yanakataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya umbo: matiti kumi yamelala bapa kwenye ukuta wa kifua na tumbo, na kuyavuta ili yabanwe kunahitaji dawa ya usingizi. Wakati huohuo vidole vinayafikia yote kwa dakika tano bila gharama. Ya pili ni ya ndani zaidi, na ndiyo inayowapotosha hata wasomaji wa picha wenye uzoefu wa hospitali za binadamu. Kwa mwanamke, vichembe vidogo vya kalisi vilivyokusanyika ni dalili inayoshtua. Kwa mbwa, uvimbe wa aina mchanganyiko ni wa kawaida sana. Huotesha gegedu na hata mfupa halisi ndani ya titi, na mara nyingi hauna madhara. Basi ukiona vipande vyeupe kama mfupa kwenye titi la mbwa, usikimbilie kusema saratani. Na usikimbilie kusema salama pia, kwani saratani ya mfupa huweza kuzaliwa ndani ya titi lenyewe.

Kuna mahali pamoja ambapo kupiga picha eneo la uvimbe kunalipa: titi la mwisho, kinenani. Uvimbe laini hapo unaweza kuwa ngiri. Utumbo, kibofu au hata mji wa mimba wenye watoto hupenya kwenye tundu la kinena na kukaa chini ya titi. Picha ya ubavu ikionyesha mapovu ya gesi ya utumbo ndani ya uvimbe, au vifupa vya watoto, jibu limepatikana, na sindano isichomwe hapo. Mengine hayahitaji eksirei hata kidogo: titi lenye maziwa yaliyoganda baada ya mimba ya uongo, titi lenye usaha, au funza wa nzi aliyejificha chini ya ngozi, ambaye ukichunguza vizuri utakuta tundu dogo analopumulia.

Picha tatu za kifua

Hapa ndipo eksirei inapofanya kazi yake ya kweli, na hapa ndipo inapoharibika zaidi. Kifua cha mbwa mwenye uvimbe wa titi kinapigwa picha tatu: amelala ubavu wa kulia, amelala ubavu wa kushoto, na amelala chali (au kifudifudi). Picha moja haitoshi, na sababu yake si urasimu. Mbwa akilala ubavu, pafu la chini linakandamizwa na uzito wa moyo na tumbo, linapoteza hewa. Kinundu cha saratani kina kivuli cha nyama. Kikiwa ndani ya pafu lisilo na hewa, ambalo nalo sasa lina kivuli cha nyama, kinatoweka. Pafu la juu limejaa hewa, na kinundu kinajitokeza wazi. Kwa hiyo anayelala kulia tunasoma pafu lake la kushoto, na anayelala kushoto tunasoma la kulia. Aliyepigiwa picha moja ya ubavu amesomewa nusu ya mapafu.

Mpangilio: miguu ya mbele ivutwe mbele kabisa ili misuli ya mkono isifunike sehemu ya mbele ya mapafu. Katikati ya mionzi iwe nyuma kidogo ya ukingo wa mfupa wa bega. Picha ianzie pale shingo inapoingia kifuani na kuishia nyuma ya ubavu wa mwisho, maana ncha za mapafu hufika mbali kuliko wengi wanavyodhani. Sponji chini ya kidari humzuia asizunguke. Ukitaka kujua kama amelala sawa, angalia vichwa vya mbavu kwenye uti wa mgongo: kwenye picha ya ubavu vipandane, kwenye picha ya chali, kidari kilale juu ya pingili kama mstari mmoja. Alama ya kulia au kushoto iwekwe wakati wa kupiga. Ikiandikwa baadaye kwa kukumbuka, siku moja itakosewa.

Mionzi ipigwe mwisho wa kuvuta pumzi, mapafu yakiwa yamejaa. Ikipigwa wakati anatoa pumzi, mapafu yote yanakuwa meupe-meupe, moyo unaonekana mkubwa, na mbwa mzima anapewa ugonjwa wa mapafu asiokuwa nao.

Kuhusu vipimo vya mashine, kila mashine ina jedwali lake, lakini kuna kanuni ya kuanzia ambayo imedumu: kwa umbali wa sentimita 100, kilovolti ni unene wa mwili kwa sentimita mara 2, jumlisha 40. Kifua chenye unene wa sentimita 18 kinatoa 76. Sasa, kifua kinapumua, kwa hiyo tunataka muda mfupi. Ukiongeza kilovolti kwa asilimia 15, hadi karibu 87, unaweza kupunguza miliampea-sekunde (kiasi cha mionzi, yaani mkondo wa umeme mara muda) kwa nusu na weusi wa picha ukabaki uleule. Tuseme umefika miliampea-sekunde 2. Mashine yenye miliampea 100 inazitoa kwa sekunde 0.02. Mashine ndogo ya kubebeka yenye miliampea 20 inahitaji sekunde 0.1, na kwa mbwa anayehema hiyo ni ndefu mno: kinundu cha milimita 5 kinasagwa na mwendo hadi kisionekane. Hii ndiyo sababu picha nyingi za mashine za kubebeka zinaonyesha mguu vizuri na kifua vibaya. Gridi, wavu wa kuzuia mionzi iliyotawanyika, husaidia kifua kinapozidi sentimita 10 hadi 15, ila inadai mionzi zaidi, na kwenye mashine dhaifu ni afadhali uiache.

Dawa ya usingizi ina hila yake. Mbwa aliyelazwa na kubaki upande mmoja kwa dakika chache tu anaanza kupoteza hewa kwenye pafu la chini, na linabaki hivyo hata akigeuzwa. Kwa hiyo kifua kipigwe kwanza, kabla ya kazi nyingine yoyote ya siku hiyo, au apewe dawa ya kutuliza tu. Kama tayari amelala na ana mpira wa hewa kooni, mapafu yajazwe kwa mkono taratibu, pumzi ishikiliwe, picha ipigwe.

Wanaomshika mbwa wavae aproni yenye madini ya risasi, lakini wajue inakinga nini. Inapunguza mionzi iliyotawanyika kutoka mwilini mwa mbwa. Haimkingi mtu aliyeweka mkono ndani ya mwale wenyewe, na glovu za risasi ni vivyo hivyo. Mifuko ya mchanga na kamba ni bora kuliko mikono. Kurudi nyuma kutoka mita 1 hadi mita 2 kunapunguza kipimo hadi robo. Mjamzito na aliye chini ya miaka 18 wakae nje. Mashine yenyewe iwe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na si utovu wa adabu kuuliza.

Vinundu vya kweli na vya uongo

Saratani ya titi iliyofika mapafuni kwa kawaida huonekana kama vinundu vya mviringo, vyenye ukingo safi, vya ukubwa mbalimbali, vimetawanyika pande zote. Wakati mwingine ni vidogo vingi kama mtama, na wakati mwingine dalili pekee ni maji kifuani. Angalia pia mtoki ulio juu ya pingili ya pili na ya tatu ya kidari; ukivimba unaweka kivuli pale ambapo pasingekuwa na kitu. Kwenye picha ya tumbo, mitoki ya chini ya kiuno ikivimba inausukuma utumbo mpana kuelekea chini. Mifupa nayo isomwe: pingili, mbavu, nyonga. Ila mfupa hauonyeshi tundu hadi upoteze kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake, kwa hiyo mfupa mzuri kwenye picha si ushahidi kwamba maumivu ya mbwa ni ya kujifanya.

Kikomo cha macho ya eksirei kwenye mapafu ni kinundu cha takribani milimita 5. Kilicho chini ya hapo kipo lakini hakionekani. CT skani, eksirei inayopiga mwili tabaka kwa tabaka, hushuka hadi karibu milimita 1. Picha safi kwa hiyo ina maana ya "hakuna kinachoonekana leo", na daktari anayesema "mapafu yako salama" amesema zaidi ya alichokiona.

Vinundu vya uongo ni vingi, na kwa mbwa wa huku kwetu kuna vya ziada. Chuchu ni ya kwanza: ni mviringo, ina ukubwa uleule, na kwenye picha ya chali inaanguka juu ya mapafu. Dawa yake ni kupaka tone la bariamu, dawa inayozuia mionzi, kwenye chuchu na kupiga tena. Kinundu kikiwa cheupe kama mfupa, ilikuwa chuchu. Kupe aliyeshiba naye anatoa kivuli kizuri cha kinundu, vivyo hivyo tope lililokauka kwenye manyoya na manyoya yenyewe yakiwa yamelowa. Mbwa apapaswe na kusafishwa kabla, hasa msimu wa mvua. Ndani ya mapafu, mshipa wa damu unaotazamwa kwa kichwa chake unafanana na kinundu. Angalia kama ukubwa wake unalingana na mishipa jirani, na kama una mshipa unaoendelea kutoka hapo. Mbwa wazee huwa na vijifupa vya milimita chache kwenye mapafu visivyo na madhara. Vinaonekana vyeupe mno kwa udogo wao, na huko ndiko kujifichua kwao: kinundu cha saratani cha milimita 2 kisingeonekana kabisa.

Halafu kuna Spirocerca lupi, mnyoo unaoambukizwa na mende wa kinyesi na unaojulikana sana Afrika Mashariki kwa mbwa wanaozurura. Huota uvimbe kwenye ukuta wa umio, kati ya moyo na kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo), karibu na mstari wa katikati, na pingili za mgongo zilizo juu yake huota miiba ya mfupa chini yake. Msomaji asiyeujua ataona uvimbe kifuani kwa mbwa mwenye uvimbe wa titi na kuunganisha viwili visivyohusiana. Mahali ulipo ndipo panapousaliti.

Hatua, na uamuzi unaofuata

Ukubwa wa uvimbe upimwe kwa rula au kalipa. Mfumo unaotumika kwa mbwa una hatua tano: chini ya sentimita 3 ni ya I, sentimita 3 hadi 5 ni ya II, zaidi ya 5 ni ya III, mtoki wa karibu ukiwa na seli za saratani, bila kujali ukubwa wa uvimbe, ni ya IV, na ikishafika mbali, kwa kawaida mapafuni, ni ya V. Eksirei ndiyo inayotenganisha ya V na zilizotangulia. Uamuzi unaoning'inia hapo ni mzito: kwa hatua za mwanzo kukata ndiyo tiba, ilhali kwa hatua ya V kukata matiti hakurefushi maisha. Upasuaji hapo unabaki kwa ajili ya kidonda kinachonuka na kuuma tu. Aina moja inavunja utaratibu huu: titi linalokuwa jekundu, la moto, gumu, lenye maumivu hadi kwenye paja, bila goroli la kushika. Hiyo ni saratani ya mwako. Husambaa mapema, na kisu hakishauriwi.

Kwa maoni yetu, kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, kwa uvimbe wa chini ya sentimita 1 kwa mbwa mwenye afya, kukata na kupima nyama kunaweza kutangulia eksirei. Kwa uvimbe wa sentimita 3 na kuendelea, au mtoki uliovimba, kifua kitangulie.

Eksirei ya maabara: bila kivuli

Sasa swali la tatu. Nyama iliyokwisha kukatwa inaweza kuulizwa kwa eksirei mambo ambayo kivuli hakiyajui.

Namna ya kwanza ni mng'aro wa eksirei. Atomu ikipigwa na mwale wenye nguvu ya kutosha hupoteza elektroni ya ndani; nyingine inapojaza nafasi, atomu hutoa eksirei yake yenye nguvu mahususi, na hiyo ndiyo sahihi yake. Kalisi hutoa kilo-elektronivolti 3.69, chuma 6.40, shaba 8.05, zinki 8.64. Kigunduzi kinahesabu, na unapata orodha ya elementi zilizomo. Kwenye matiti ya binadamu, nyama ya saratani imeonekana mara nyingi kuwa na zinki, kalisi, chuma na shaba nyingi kuliko nyama nzima, na swali ni kama mbwa anafuata njia hiyo. Linaulizwa kwa mbwa kwa sababu uvimbe wake huota wenyewe, katika nyumba ileile na hewa ileile ya mwenye mbwa, na kwa miaka michache badala ya miongo.

Mitego ni ya kiufundi kabisa. Eksirei ya kalisi ni dhaifu: kwenye nyama mbichi inapungua hadi karibu theluthi ndani ya milimita 0.1 tu, wakati ya zinki inafika kama milimita 1. Kipande kinene kwa hiyo kinatoa habari za kalisi ya ngozi yake ya juu na zinki ya kina chake, na kuzilinganisha moja kwa moja ni kosa. Hata hewa kati ya kipande na kigunduzi inakula mionzi ya kalisi, kwa hiyo hutolewa, au huwekwa heliamu. Damu iliyobaki inaleta chuma kisicho cha uvimbe. Kisu cha chuma cha pua kinaacha chuma, kromiamu na nikeli. Hutumika kisu cha kauri au plastiki. Formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, nayo huvuta baadhi ya elementi kutoka kwenye nyama, kwa hiyo kipande cha kupima elementi hugandishwa na kukaushwa kwa baridi. Na ule uvimbe mchanganyiko wenye gegedu na mfupa unarudi tena: wenyewe una kalisi nyingi bila kuwa na hatari, kwa hiyo kalisi peke yake haiwezi kuwa hakimu kwa mbwa.

Namna ya pili ni mtawanyiko. Hapa hatuangalii mionzi iliyozuiwa bali iliyopinda. Nyama ina mipangilio inayojirudia, na kila umbali unaojirudia hupindisha mwale kwa pembe yake: mpangilio mdogo, pembe kubwa. Kwa mashine ya maabara yenye shabaha ya shaba, urefu wa wimbi ni nanomita 0.154. Mafuta, ambayo molekuli zake zimepangana kwa takribani nanomita 0.45, hutoa duara kwenye pembe ya digrii 20 hivi. Nyama yenye maji mengi hutoa karibu digrii 28. Titi zima lenye mafuta lina kilele cha kwanza (duara la mafuta), na uvimbe unapoyafukuza mafuta kilele hicho kinafifia na cha pili kinapanda. Nyuzi za kolajeni, protini inayoshikilia nyama, zina mistari inayojirudia kila nanomita 65 hivi, umbali mkubwa kwa hiyo pembe ndogo sana: digrii 0.14. Kigunduzi kikiwa mita 1 nyuma, duara hilo linaanguka milimita 2.4 tu kutoka katikati ya mwale mkuu. Ndiyo maana mwale lazima uwe mwembamba kama uzi na katikati kuwekwe kizuizi, na ndiyo maana watafiti hupenda kwenda kwenye sinkrotroni (mtambo mkubwa wa duara unaotoa eksirei kali na nyembamba), kama ile ya Grenoble nchini Ufaransa au ya Campinas nchini Brazili. Afrika bado haina yake. Uvimbe unaposambaa huvunja na kupanga upya kolajeni inayouzunguka, na mtawanyiko unaona mabadiliko hayo kabla kivuli hakijaona chochote.

Hakuna kati ya mbinu hizi mbili iliyo huduma ya kliniki. Mtu akikuambia atapima mbwa wako aliye hai kwa mng'aro wa eksirei ajue kansa, mwulize atafikaje kina cha uvimbe kwa mionzi inayokufa ndani ya milimita 1.

Kutoka Mbeya hadi kwenye jibu

Mashine za eksirei za wanyama ni chache ukanda huu wa Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo piga simu kabla ya safari. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina mafunzo ya tiba ya mifugo na hospitali ya wanyama. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 600, kutoka Iringa kama 300. Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Iringa. Uliza kwanza kama wanapokea nyama ya uvimbe kwa wakati huo na kwa chombo gani. Daktari anayehudumia awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari.

Mbwa asile kwa muda wa saa nane hivi kabla ya dawa ya kutuliza, ila maji apewe njiani. Kona za Kitonga zitamtapisha aliyekula. Mbwa aliyezoea baridi ya Njombe au Makete akishuka Morogoro atahema, na mbwa anayehema hana picha ya kifua. Mpumzishe kivulini hadi pumzi itulie ndipo aingizwe. Beba cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukiondoka, omba faili halisi za picha kwenye flashi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp imekwisha kubanwa, na kinundu cha milimita 5 ndicho cha kwanza kupotea.

Uvimbe ukikatwa popote pale, hata kwa daktari wa Tukuyu au Mafinga, nyama isitupwe. Weka kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wa dawa mara 10 ya nyama. Formalini inaingia kwa takribani milimita 1 kwa saa, kwa hiyo uvimbe mkubwa upasuliwe vipande visivyozidi sentimita 1, bila kuvitenganisha kabisa, vinginevyo katikati itaoza huku nje ikionekana nzuri. Isigandishwe kwenye friji. Barafu inapasua seli, na mtu wa hadubini atapokea uji. Kila titi liwe na chombo chake na namba yake, kushoto la nne, kulia la tano, kwa sababu mbwa mmoja huweza kuwa na uvimbe wa aina mbili kwa wakati mmoja, mmoja salama na mwingine si salama. Majibu yakirudi na saratani, kifua kinapigwa tena kila baada ya miezi mitatu au minne katika mwaka wa kwanza, picha tatu zilezile, vipimo vilevile vya mashine, ili ya leo iweze kuwekwa kando ya ile ya mwanzo na kulinganishwa.